Ukurasa wa Mama: Mtoto Anapotaka Kuwa Rubani

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuweka akiba ya ada kabla mwaka wa shule haujaanza. Kati ya barua tulizopata, tatu zilitoka huku kwetu Mwanza, na zote ziliuliza jambo moja: mtoto amesema anataka kuwa rubani, sasa tufanyeje? Mama wa kwanza ana binti wa kidato cha nne. Wa pili ana kijana aliyemaliza kidato cha sita. Wa tatu ana mtoto wa darasa la tano ambaye ndege ikipita juu ya Pasiansi huacha ugali mezani akakimbilia uani.

Tumeona ni vema kulijibu swali hili kwa kirefu. Mama asiyeijua njia yenyewe huweza kumvunja moyo mtoto bure kwa kusema, "Hayo ni mambo ya wenye pesa." Au huweza kuuza kiwanja cha familia kwa ahadi ya mtu asiyemfahamu. Yote mawili tumeyaona yakitokea katika nyumba za waumini.

NDEGE SI MGENI ZIWANI KWETU

Wapo wanaodhani urubani ni kazi ya watu wa mbali. Lakini mwezi wa Februari 1931, kampuni ya Kiingereza ya Imperial Airways ilipofungua safari za kila juma kutoka London kuja Afrika, mwisho wa safari ulikuwa hapa hapa Mwanza. Abiria waliishia Khartoum, ila barua zilikuja mpaka ziwani, zikiletwa na ndege za kutua majini. Babu na bibi zetu waliokuwa wakivua na kulima pamba kandokando ya ziwa waliziona ndege hizo kwa macho yao.

Baada ya Uhuru nchi zetu ziliona haja ya kuwafundisha marubani wao wenyewe. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilianzisha chuo cha urubani huko Soroti, Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 chuo hicho kilibaki mikononi mwa Uganda, na mwaka huo huo nchi yetu ikaanzisha Shirika la Ndege la Tanzania. Tangu hapo vijana wetu wengi wamesomea kazi hii nje ya nchi, wengine Nairobi, wengine Afrika Kusini, wengine mbali zaidi. Hapa nyumbani Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, cha Dar es Salaam, kimekuwa kikijenga kituo chake cha masomo ya anga. Kwa hiyo mtoto wako hajaota ndoto ya ajabu. Anaomba kazi iliyopo.

LESENI NI NGAZI

Jambo la kwanza la kulijua ni kwamba hakuna leseni moja ya urubani. Kuna ngazi, na kila kipandio kina umri wake, saa zake za kuruka, mitihani yake na daktari wake. Vipimo hivi havikutungwa na chuo fulani ili kupata pesa. Vimetokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao nchi za dunia zilikubaliana juu ya usafiri wa anga. Kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo kinahusu leseni. Kwa upande wetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Nchi za Afrika Mashariki nazo zina chombo chao cha pamoja cha usalama wa anga, CASSOA, kilichoundwa mwaka 2007 na makao yake yako Entebbe, kando ya ziwa letu hili hili.

Kipandio cha kwanza chenye uzito ni leseni ya rubani binafsi. Kwa kipimo cha kimataifa mtoto awe ametimiza miaka 17 na awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 akisoma katika chuo kilichoidhinishwa. Kati ya hizo saa 10 lazima awe peke yake ndani ya ndege, bila mwalimu. Tena lazima afanye safari moja ya peke yake isiyopungua kilomita 270, akitua na kusimama katika viwanja viwili tofauti. Kwa kulinganisha, kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa njia ya anga ni karibu kilomita 175. Leseni hii inamruhusu kurusha ndege, lakini haimruhusu kulipwa kwa kazi hiyo. Akina mama wengi hawalijui hili. Hufanya sherehe, huchinja mbuzi, kisha hushangaa kijana amekaa nyumbani hana kazi.

Kipandio cha pili ni leseni ya rubani wa biashara. Hapa umri ni miaka 18 na saa ni 200, au 150 akisoma kozi ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Huyu sasa anaweza kuajiriwa, lakini katika ndege kubwa za abiria ataanza kama msaidizi wa rubani.

Kipandio cha juu ni leseni ya rubani wa mashirika ya ndege: miaka 21 na saa 1,500. Huyo ndiye anayeweza kuwa kiongozi wa ndege kubwa yenye abiria.

Pamoja na leseni kuna idhini zinazoandikwa ndani ya leseni yenyewe. Ni kama mshonaji aliyezoea cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Ni fundi kweli, lakini ukimpeleka kwenye mashine kubwa ya kiwandani lazima afundishwe upya kabla hajaigusa. Rubani aliyejifunza kwa ndege ya injini moja huhitaji idhini nyingine ili arushe ya injini mbili. Ili aruke ndani ya mawingu bila kuona ardhi huhitaji idhini ya kuruka kwa kufuata vyombo, na hiyo peke yake inadai saa 40 za kuruka kwa vyombo na saa 50 za safari za kutoka uwanja hadi uwanja akiwa kiongozi. Na kwa ndege kubwa, kama zile za ATR zinazotua Mwanza, huhitaji idhini ya aina hiyo ya ndege. Mwenye idhini ya ATR haruhusiwi kuhamia Boeing kesho yake.

Mama mmoja alituuliza, "Saa 200 si ni siku 25 tu za kazi? Mbona wanasema mwaka na zaidi?" Hesabu yake ni sahihi kwa kazi ya ofisini. Lakini saa moja angani hutanguliwa na saa nyingi mezani za kupanga safari, kupima uzito, kusoma hali ya hewa na kuikagua ndege. Siku ya dhoruba haruki. Siku ndege ikiwa kwa fundi haruki. Na mara nyingi, tuseme ukweli, siku ada imekwisha haruki.

DARASANI KWANZA

Kabla na wakati wa kuruka kuna masomo ya darasani: sheria za anga, ujuzi wa ndege na injini, sababu za ndege kuelea, uzito na mizani, upangaji wa safari na kutafuta mwelekeo, hali ya hewa, taratibu za uendeshaji, mawasiliano ya redio, na mwili na akili ya mwanadamu. Mama asiogope majina haya. Mengi anayajua kwa maisha yake ya kila siku.

Chukua hali ya hewa. Akina mama wanaonunua dagaa pale Kirumba wanajua kwamba dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri. Rubani hufundishwa sababu yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini ziwa hubaki na joto. Upepo hutoka nchi kavu pande zote kwenda majini, hewa hukutana juu ya maji ya vuguvugu, hupanda juu na kufanya mawingu ya radi. Mchana upepo hugeuka ukatoka ziwani kwenda nchi kavu. Mvuvi anayajua haya kwa uzoefu. Rubani lazima ayajue kwa mtihani.

Chukua tena hewa nyepesi. Mama aliyeolewa Njombe au Makete anajua kwamba huko juu maharage huchelewa kuiva, maana hewa ni nyepesi na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Ndege nayo huiona tofauti hiyo. Uwanja wa Mwanza uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 30, hewa hupungua uzito hata ndege hujiona kama iko juu karibu mita 2,000, yaani kama iko nyanda za Njombe. Itahitaji njia ndefu zaidi kabla haijaacha ardhi, na pengine itabidi mizigo ipunguzwe. Kwa hiyo mpendwa, ukipanda ndege ndogo nao wakakupima uzito pamoja na mfuko wako wa sato waliokaushwa, usione umedharauliwa. Kuna mtu anapiga hesabu ya uhai wako.

Sisi watu wa ziwa tunajua kinachotokea hesabu hiyo isipopigwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, imejaa kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na waliokufa walipita 200. Mtoto akilalamika kwamba masomo ya uzito na mizani yanamchosha, mkumbushe majina hayo mawili.

Somo la mwili na akili ndilo tunalotaka mama alitazame zaidi. Humo mwanafunzi hufundishwa juu ya uchovu, pombe, hasira na kiburi. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani Tenerife, katika visiwa vya Hispania, wakafa watu 583. Kulikuwa na ukungu. Rubani kiongozi wa ndege mojawapo, mtu mwenye heshima kubwa katika kampuni yake, alianza kuondoka bila ruhusa ya mnara. Mhandisi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Alijibiwa kwamba imetoka, naye akanyamaza. Haikuwa imetoka. Ajali hiyo ni moja ya zile zilizofanya mashirika ya ndege yaanze kuwafundisha marubani wadogo kusema wazi wanapoona hatari, na marubani wakubwa kusikiliza.

Hapa tunaguswa sisi walezi. Tumewafundisha watoto heshima, nasi tumefanya vema. Lakini je, tumewafundisha pia kusema kweli mbele ya mkubwa kwa adabu? Mtoto akikwambia, "Mama, samahani, chenji uliyorudishiwa imezidi," au "Baba, gari hili limejaa, tusubiri jingine," unamshukuru au unamkemea? Tukumbuke yule kijakazi mdogo katika nyumba ya Naamani. Alikuwa mtoto, tena mtumwa, lakini alinena, na bwana wake akapona ukoma. Rubani anayeogopa kunena ni hatari. Na unyamavu huo haanzi kujifunza chuoni, huanza nao mezani petu.

Jambo jingine ni lugha. Marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hupimwa Kiingereza, na tangu Machi 2008 hutakiwa kufikia angalau daraja la 4 kati ya madaraja 6. Mtoto asome Kiingereza kwa bidii, asidharau Kiswahili wala Kisukuma cha bibi yake. Na shuleni hesabu na fizikia asizikimbie.

DAKTARI KABLA YA KARANI

Sasa tunatoa shauri ambalo tungependa kila mama alikate na kulibandika ukutani: mpeleke mtoto kwa daktari wa anga kabla hujalipa ada. Daktari huyo ni yule aliyeidhinishwa na TCAA, si kila daktari. Rubani wa biashara hutakiwa kuwa na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachopimwa upya kwa kawaida kila mwaka. Wanapima macho, masikio, moyo, mapafu, damu, mkojo na akili. Miwani haimzuii mtu, mradi aone vizuri akiwa ameivaa. Lakini kushindwa kutofautisha rangi za taa, au kifafa, huweza kumfungia njia.

Kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, wengi mtauliza juu ya hilo. Anayeugua ugonjwa wenyewe huchunguzwa kwa makini, na ni vigumu kupita. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, asiye mgonjwa, kwa kawaida huruhusiwa.

Na kwa mabinti: je, rubani anaweza kuzaa? Ndiyo. Kwa kipimo cha kimataifa rubani mjamzito husimama kuruka, isipokuwa kama daktari ameona mimba haina matatizo. Hapo anaweza kuruhusiwa kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Baada ya kujifungua hupimwa tena, akarudi kazini. Kwa hiyo anayemwambia binti yako achague kati ya ndege na ndoa hajazisoma kanuni.

KIWANJA CHA KISESA

Mama mmoja tunayemfahamu, muuza dagaa, ana binti mwenye akili nyingi za hesabu. Alijiwa na mtu mwenye shati jeupe na mkoba mzuri, akaambiwa kuna nafasi za urubani ng'ambo, kozi ya miezi mitatu, akitoka huko anaajiriwa moja kwa moja. Fedha ya kwanza ilitakiwa kabla ya Jumamosi. Familia ina kiwanja kimoja huko Kisesa, walichokinunua kwa jasho la miaka 9.

Usiku ule mume na mke hawakulala. "Mama watoto," alisema mume, "kiwanja kitanunuliwa tena, bahati ya mtoto hairudi." Naye akajibu, "Baba watoto, huyo ni mtoto mmoja, tunao wanne. Hao watatu nao watalala wapi?" Wote wawili walikuwa wakimpenda binti yao. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

Asubuhi walikwenda kwa mzee wa kanisa aliyewahi kufanya kazi uwanja wa ndege. Yeye hakuwaambia wauze wala wasiuze. Aliwapa maswali manne wakamwulize yule mgeni. Chuo hicho kimeidhinishwa na mamlaka gani ya anga, na hati iko wapi? Katika miezi hiyo mitatu mtoto ataruka saa ngapi? Atatoka na leseni ipi kati ya zile tatu, na idhini zipi? Na leseni hiyo ya nje TCAA wataibadilishaje iwe ya Tanzania? Yule mtu alijibu la kwanza kwa maneno mengi, la pili kwa maneno machache, la tatu na la nne hakujibu kabisa. Jumamosi hakurudi.

Binti sasa yuko kidato cha tano, anasoma fizikia, kemia na hesabu. Kiwanja kipo. Bado hajawa rubani, na pengine hatakuwa, lakini mlango haujafungwa, na wadogo zake watatu wanakwenda shule.

Tusifichane, masomo haya ni ghali. Hadi leseni ya biashara pamoja na idhini zake, gharama ni mamilioni mengi ya shilingi, nyingi kuliko thamani ya nyumba nyingi za mitaa yetu. Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kuketi kwanza na kupiga hesabu, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Basi tuketi. Msilipe ada yote kwa mkupuo, ombeni kulipa kwa awamu na kwa saa zilizorukwa. Msihesabu leseni tu, hesabuni na idhini, mitihani, chakula, malazi na ule muda wa kutafuta kazi baada ya kumaliza. Ulizeni kama kuna ufadhili wa shirika la ndege au wa serikali, maana upo katika baadhi ya miaka na nchi. Na mjue kwamba anga lina kazi nyingine njema zisizohitaji fedha nyingi hivyo: mwongoza ndege, fundi wa ndege, mtaalamu wa hali ya hewa, mhudumu wa ndege. Waongoza ndege hufundishwa hapa hapa nchini, katika chuo cha TCAA cha Dar es Salaam.

Kuna na jambo la uaminifu. Rubani huandika kila saa aliyoruka katika kitabu chake. Saa hizo ni kama kiapo. Wapo duniani waliojaribiwa kuandika saa wasizoruka ili wafikie kipimo upesi. Sisi Watanzania hatujasahau mwaka 2017, watumishi wa umma zaidi ya 9,000 walipokutwa na vyeti vya kughushi. Cheti cha uongo ofisini huiba mshahara. Saa za uongo angani huua. Mtoto anayenakili kazi ya jirani yake darasa la tano, na mama akacheka, ameanza kukijaza kitabu hicho vibaya.

HOFU YA MAMA

Wengine mtasema, fedha tutatafuta, lakini mwanangu nitamwachaje aende huko juu? Hatutaidharau hofu hiyo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuifikia na mitumbwi yao. Waliokoka 24, wakafa 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwa waliokufa. Nao walikuwa na mama zao, na wake, na watoto. Tuendelee kuzikumbuka familia hizo zote katika maombi.

Hatuwezi kumwahidi mama yeyote kwamba mwanawe hatapatwa na neno. Mke wa mvuvi wa Ukerewe hana ahadi hiyo, wala mke wa dereva wa basi la Shinyanga. Tunachoweza kusema ni kwamba saa zile zote, mitihani ile yote na daktari yule wa kila mwaka vipo kwa sababu ya ajali za nyuma. Kanuni nyingi ziliandikwa baada ya kilio cha mtu. Mama anayesisitiza mwanawe asome katika chuo cha kweli, amalize saa zake zote na asiruke akiwa amechoka, amefanya sehemu yake. Iliyobaki ni ya Mungu.

BINTI NAYE

Kwa mama aliyetuuliza kama binti anaweza, tuna majina matatu. Bessie Coleman alikuwa Mmarekani mweusi ambaye mama yake alilea watoto wengi akiwa peke yake baada ya mume kuondoka. Vyuo vya kwao vilimkataa kwa rangi yake na kwa kuwa ni mwanamke. Akafanya kazi ya kutengeneza kucha za watu Chicago, akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni yake. Betty Greene alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la Kikristo la ndege, MAF, na mwaka 1946 ndiye aliyekuwa rubani wake wa kwanza. Shirika hilo limewabeba wagonjwa na watumishi wa Injili katika nchi yetu pia kwa miaka mingi. Na jirani zetu Kenya wana Kapteni Irene Koki Mutungi, binti wa rubani, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kama rubani na Kenya Airways, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa kiongozi wa ndege ya Boeing 787.

Basi mtoto akisema anataka kuwa rubani, usicheke, wala usiuze kiwanja. Mwulize anajua nini juu ya kazi hiyo. Mwonyeshe ngazi yenyewe. Angalia kama anazipenda hesabu, kama anasema kweli, kama anamaliza kazi aliyoianza. Umpe muda. Haraka haraka haina baraka, na katika anga haraka ina msiba.

MAMBO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, watoto wetu wana uhuru wa kutuambia kwa adabu kwamba tumekosea?
2. Tukimsomesha mtoto mmoja kwa gharama kubwa, wengine watabaki na nini? Je, tumeongea na baba yao?
3. Nani katika kanisa letu ameifanya kazi anayoitaka mtoto wetu, tukamwulize kabla hatujatoa fedha?
4. Je, mtoto amepimwa afya yake?

Tuombe: Ee Baba, watoto hawa ni wako kabla hawajawa wetu. Utupe hekima ya kuwaongoza bila kuwafunga, na subira ya kuwasubiri. Uwalinde walio angani, majini na barabarani leo. Amina.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya wakwe na malezi ya wajukuu. Bakini salama.